Nge Butu

Novemba 18, 1997

Mimi Enoka Nzunda nina miaka sabini na sita, na anayebisha alete cheti chake. Nimeishi kumpita Mwingereza na kodi yake ya kichwa, nzige, ndui iliyomchukua kaka yangu, foleni ya sabuni ya mwaka themanini na tatu, wake zangu wawili, baiskeli tatu, na yule daktari aliyesema sitaiona Pasaka ya mwaka tisini. Yeye ndiye hakuiona.

Daftari hili kanipa mkwe wangu Marita, mke wa mwanangu. Alisema, "Baba, kila siku unatusimulia mambo yaleyale, si uyaandike?" Nimeona ni neno la heshima. Kusoma nilijifunza ukubwani, kisomo cha watu wazima, nikafika hatua ya nne. Mwenzangu wa tangu utotoni, Amoni Mgala, aliishia hatua ya pili, na hiyo ya pili alinakili kwangu.

Kazi yangu ni mbolea ya popo. Miaka arobaini nachimba kinyesi chao katika pango la kule juu ya kijito, naweka kwenye gunia, nauza. Zamani watu walinicheka kwamba nanuka. Serikali ilipoacha kupunguza bei ya mbolea ya dukani, harufu yangu ikawa nzuri ghafla. Kahawa yote ya kijiji chetu hiki cha Ruanda inayong'aa majani, ujue imepita mikononi mwangu.

Sasa niandike jambo lenyewe. Mle pangoni, chumba cha ndani kabisa, yumo nge. Ni mdogo kama punje ya ulezi. Rangi yake kama uji. Ana koleo mbili ndefu mbele kama nge yeyote, lakini mkia hana na macho hana. Nimemwona kwa miaka mingi. Miaka mitatu iliyopita nikafanya kosa la kulisema jambo hili kilabuni kwa Ikupa. Amoni alicheka mpaka pombe ya komoni ikamtoka puani. "Nge bila mkia! Na ng'ombe wako je, Enoka, anataga?" Tangu siku hiyo naitwa Nge Butu. Hata watoto wa shule wananiamkia hivyo, shikamoo babu Nge Butu.

Mimi kufa siogopi. Ila mtu akizikwa na jina la mwongo, ndilo linalobaki. Hilo silikubali.

Novemba 22

Mvua.

Novemba 23

Mvua. Redio inasema ni Elinino. Mvua ya kwetu haikuwahi kuwa na jina la mtu.

Novemba 29

Leo amekuja mgeni, binti mwenye buti na mkoba. Nilikuwa nashona magunia barazani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Kama umetumwa na kanisa la mwanangu, nimeshaokoka mara mbili, inatosha."

Akacheka. Kumbe ni Violet Simbeye, mtoto wa Tunduma, Mnamwanga, anasomea wadudu Chuo Kikuu. Mama yake ana bustani ya mboga, alinunua mbolea sokoni, na gunia lilikuwa na alama yangu, E.N. kwa rangi nyekundu. Huyu binti wakati wa likizo akaichekecha ile mbolea. Chini kabisa akakuta mdudu mfu, mguu umekatika. Kafuata alama ile, soko kwa soko, mpaka barazani kwangu.

Akatoa karatasi aliyomchora. Sikuiangalia sana, jua lilikuwa linanipiga machoni. Nikasema, "Mkia hana."

"Hana, babu."

"Macho hana."

Akaishusha karatasi. "Umejuaje?"

"Na ukimgusa anarudi kinyumenyume mbio, kama karani aliyeona mkaguzi."

Binti akakaa chini palepale kwenye magunia na buti zake. Akaniambia wakubwa wake hawamwamini. Wanasema mdudu mmoja mfu aliyevunjika si ushahidi, na kwamba macho anayo ila yeye hakuyaona vizuri. Anataka walio hai, dume na jike, kabla ya mwisho wa Januari atakaporudi chuoni.

Kumbe na yeye anaitwa mwongo kwa ajili ya nge yuleyule. Nikampenda hapohapo, ila sikumwonyesha.

Desemba 1

Tumeingia pangoni. Nilidhani atapiga kelele kwa popo. Hakupiga. Alitambaa pale penye mwamba mwembamba haraka kuliko mimi. Nilimwambia nimemwacha atangulie makusudi.

Hatukupata kitu.

Desemba 2

Hatukupata.

Desemba 3

Hatukupata. Mafuta ya taa siku hizi yanachanganywa na maji, taa haitoi mwanga. Nimemlalamikia mwenye duka. Amesema yeye anaona vizuri.

Desemba 7

Jumapili. Kilabuni Amoni alikuwa kiti chake cha kila siku, karibu na pipa. Huyu Amoni tulitahiriwa mwaka mmoja, tukaoa mwaka mmoja, tumebishana miaka sitini. Aliponiona na Violet akasema kwa sauti:

"Binti, wazazi wako wanajua uko na nani? Huyu babu atakuonyesha na samaki mwenye manyoya."

Violet akamjibu kwa adabu, "Babu, huyo nge mimi ninaye mmoja. Kwenye chupa."

"Mfu?"

"Mfu."

"Basi Enoka alimkata mkia na wembe!" Kilabu kizima kikacheka. Ikupa mwenyewe alicheka, na mimi ni mteja wake tangu anajenga.

Nikasimama. Nikasema, "Amoni Mgala, nikikuonyesha aliye hai, utafanya nini?"

"Nikimwona kwa macho yangu mawili nitakushika mkono, Enoka, toka mlango wa pango mpaka mlango huu, kama bibi harusi, watu wote wakiangalia."

"Na wimbo?"

"Na wimbo nitaimba."

Watu wakapiga makofi. Imeshasemwa mbele ya watu, hairudi tumboni.

Desemba 12

Marita anasema herufi zangu zimekuwa kubwa kama ng'ombe, daftari litaisha kabla ya mvua. Nimemwambia kalamu ni mbaya.

Desemba 19

Wiki mbili na nusu tumechekecha. Violet ana chekeche tatu, anamwaga mbolea kwenye shuka jeupe, anapiga magoti, anaangalia na kioo chake cha kukuzia. Amepata mende, viroboto, buibui wembamba, minyoo. Nge hakuna. Mimi nashika taa.

Leo aliketi juu ya jiwe, matope mpaka nywele, akaniuliza polepole, "Babu, mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Mwaka jana."

"Wapi hasa?"

"Hapohapo ulipokalia."

"Na mwaka huu?"

Jibu lilinijia njiani wakati wa kurudi, karibu nianguke kwenye kijito. Naliandika leo kwa sababu ni refu na ni la aibu kidogo.

Baba yangu alichimba pango hili kabla yangu, na babu kabla yake. Kila mwaka kabla ya gunia la kwanza ulikuwa unachukua unga wa ulezi, unauweka juu ya jiwe bapa katika chumba cha ndani, unafunika na kijiwe, unawataja waliochimba kabla yako, jina kwa jina. Baba alinifundisha mwaka tuliorudi kutoka Ivuna kubeba chumvi. Nimefanya hivyo miaka yote. Na huyo nge nilimwona hapo siku zote, pembeni ya unga ukishaota ukungu. Sikuwahi kumwona pengine popote. Sikuwahi kujiuliza.

Lakini Mei mwaka huu, kwenye matanga ya marehemu mke wangu Ferista, mwanangu Gasper, ambaye ni mzee wa kanisa, alinipigia magoti mbele ya waombolezaji. "Baba, acha unga wa mizimu, nakuomba, kwa ajili ya mama." Siku ile sikuwa na nguvu ya kubisha. Hiyo mjue ni mara moja tu katika maisha yangu. Nikasema naacha.

Kwa hiyo mwaka huu sikuweka unga. Na nge hakuna.

Desemba 20

Nimemweleza Violet. Alinikamata mikono yote miwili. "Babu! Unga unaota ukungu, utitiri unakuja kula ukungu, na nge anakuja kula utitiri. Mmekuwa mnamfuga, ukoo mzima, miaka mia, bila kujua!"

Nikamwambia tulikuwa tunajua. Ila hatukuwa tunajua kwa Kiswahili.

Desemba 21

Nimesema na Gasper baada ya ibada. Yeye hapigi kelele, ndiyo shida yake. Mtu asiyepiga kelele huwezi kumshinda.

"Uliahidi, baba. Kwenye matanga ya mama."

"Niliahidi."

"Sasa unavunja kwa sababu ya mdudu."

"Navunja kwa sababu ya jina langu. Na jina langu ndilo lako."

Violet akaingia kati, akamweleza habari ya ukungu na utitiri. Gasper alisikiliza mpaka mwisho, kisha uso ukamlegea. "Basi huo ni chambo. Kama cha samaki. Baba, sema ni chambo, mimi sina neno."

Ningesema ndiyo, yangeisha. Marita alikuwa ananikonyeza niseme ndiyo.

"Ni chambo," nikasema, "na ni tambiko. Ni vyote viwili. Nitawataja wazee wangu kama kawaida, na nge atakula kama kawaida."

Gasper akatoka nje mvuani bila kofia.

Desemba 22

Nimeweka unga. Nimewataja wote, na Ferista nimemtaja, ingawa hakuwahi kuchimba. Alifua nguo zangu za pangoni miaka thelathini, anastahili.

Desemba 25

Krismasi. Gasper alinikatia nyama iliyo nzuri, lakini hakusema nami.

Desemba 28

Mvua.

Desemba 30

Mvua. Barabara ya Mlowo imekatika. Mahindi ya bondeni yamelala.

Januari 4, 1998

Kijito kimepanda. Pale mlangoni mwa pango maji yanafika magotini. Jiwe la unga liko juu kidogo, lakini si juu sana. Violet alitaka twende tuangalie. Nikamkatalia: unga haujaota ukungu vizuri, ukigusa mapema umeharibu. Mwenye kujua ni mimi. Alikasirika, akasema maji hayasubiri. Nikasema nge pia haharakishwi na mtoto wa Tunduma.

Halafu sikulala vizuri, maana alikuwa na haki.

Januari 9

Mvua siku ya tano mfululizo. Naandika mstari mmoja unakula mitatu.

Januari 12

Siku ya leo niiandike yote, hata kama daftari litaisha.

Asubuhi mvua ilikatika. Nikatuma Amoni aitwe. Alikuja na mwavuli na fimbo yake. "Leo ndiyo harusi?"

"Leo ndiyo. Umejifunza wimbo?"

"Nimejifunza wa kukuzomea."

Tukaenda watatu. Mlangoni maji yalifika kiunoni. Violet akatangulia na kamba, akaifunga ndani, tukaishika. Amoni, ambaye hajaingia pangoni tangu tukiwa vijana, alikuwa anamtaja Yesu kila hatua. Nikamwambia ataje na baba yangu, ndiye mwenye nyumba.

Chumba cha ndani kilikuwa kikavu bado, lakini maji yalikuwa yanalamba mguu wa jiwe. Vilibaki vidole vinne tu kufika kwenye unga. Kesho yangelifunika.

Violet akasema, "Babu, nyanyua wewe. Wewe ndiye unayejua."

Nikapapasa, nikakiona kijiwe kwa vidole, nikakinyanyua taratibu. Harufu ya ukungu ikanijaa. Taa ilikuwa imeshikwa na Amoni, karibu kabisa. Nikainama.

Niseme kweli sasa, maana kurasa zimebaki chache. Mafuta ya taa hayana kosa. Kalamu haina kosa. Tangu mavuno ya mwaka juzi macho yangu yana ukungu kama ule wa unga. Mchana naona watu kama miti inayotembea. Pangoni sioni kitu, natembea kwa mazoea. Mara ya mwisho nge nilimwona kwa shida, kama vumbi linalosogea. Sikumwambia mtu. Mtu aliyeitwa mwongo miaka mitatu hawezi kuinuka akasema, na pia sioni.

Kwa hiyo niliinama pale nikaona weupe mtupu. Violet alikuwa anahangaika kufungua kichupa chake. 

Amoni akasema, "Hakuna kitu hapa, Enoka."

"Angalia."

"Naangalia. Unga umeoza tu."

"Angalia pembeni, kwenye ufa. Ana rangi ya uji."

"Hakuna ki... Ngoja." Akaisogeza taa. "Ngoja, ngoja. Kuna punje inatembea."

"Ina koleo?"

"Ina... Ee! Ina koleo! Ndefu kuliko mwili! Enoka, inakuja!"

"Mkia?"

"Hauna."

"Mguse na unyasi, mbele, taratibu."

Nikasikia anavuta pumzi. Kisha Amoni Mgala, mzee wa miaka sabini na sita, akapiga kelele mpaka popo wakaruka wote, "Anarudi nyuma! Mama yangu, anarudi nyuma mbio! Kama ulivyosema! Kama karani!"

Violet alikuwa ameshapiga magoti na brashi yake. Alipata watatu. Mmoja jike, ana mayai chini ya tumbo kama mtu aliyebeba kifurushi. Aliwaangalia kwa kioo chake, akaanza kulia na kucheka. "Hawana macho, babu. Hata alama ya jicho. Hawana kabisa."

Akanipa kioo. "Angalia, babu. Ni wako."

Nikakishika. Nikaweka jichoni. Nikasema, "Naam. Ndiye."

Violet akaondoka kufunga chupa. Amoni alibaki kando yangu. Akasema kwa sauti ndogo, kwa Kinyiha, lugha ya kwetu, "Unamwona?"

"Namwona."

"Yuko upande gani wa kioo?"

"Kushoto."

Maji yalikuwa yanagonga jiwe.

"Kioo umekigeuza, Enoka," akasema. "Umeangalia mfuniko wake."

Nilingoja acheke. Miaka sitini nimemjua huyu mtu, hajawahi kuacha mfupa wa namna ile bila kuutafuna. Angesema kilabuni siku hiyohiyo: kipofu kaonyesha kipofu.

Hakucheka. Alinitoa kioo mkononi, akakifuta matope na shati lake, akamrudishia Violet. "Babu yako ameona," akamwambia. "Ameridhika. Twendeni, maji yanapanda."

Tukatoka na kamba. Mlangoni, kwenye mwanga, pale pabaya penye mawe ya utelezi ambapo mwezi uliopita nilikaribia kuanguka mara mbili, nikasikia mkono wa Amoni unaushika wangu.

"Ahadi ni ahadi," akasema kwa sauti kubwa. "Bibi harusi, njoo!"

Akanishika hivyo njia nzima. Palipo na jiwe alinibana vidole mara moja. Palipo na shimo, mara mbili. Hatukupatana hivyo, nilielewa tu. Na aliimba. Anaimba vibaya sana. Watu walitoka majumbani, wanawake wakapiga vigelegele, watoto wakatufuata wakicheka. Tulipopita kwa Gasper alikuwa amesimama uani. Violet akampungia chupa. Gasper akaja, akaangalia muda mrefu, kisha akanishika mkono wangu wa pili, bila kusema chambo wala tambiko.

Basi niliingia kilabuni kwa Ikupa nimeshikwa kulia na kushoto kama chifu. Hakuna aliyejua kitu. Walidhani ni dau. Na lilikuwa dau pia.

Januari 14

Maji yamefunika jiwe. Nimeweka jingine juu zaidi.

Januari 24

Violet ameondoka na lori la kwenda Tunduma. Kabla ya kwenda aliandika kikaratasi cha chupa: mahali, tarehe, na aliyempata, yaani mimi. Akaniuliza wenyeji wanamwitaje huyu nge. Nikafikiri kumpa jina langu la Enoka, linamfaa, maana sote wawili hatuoni. Lakini nikasema, "Nge Butu." Akataka niandike mwenyewe. Nimeandika kwa herufi kubwa, nusu ya karatasi imejaa. Chini ya jina langu nikamlazimisha aongeze: shahidi, Amoni Mgala. Alisema huko chuoni hawaweki shahidi. Nikasema basi chupa haitoki. Akaongeza.

Anasema atarudi Juni anipeleke Mbeya kwa daktari wa macho. Sijui nani kamwambia. Marita anasema si yeye.

Februari 2

Ukurasa wa mwisho. Jua limetoka.

Watoto bado wananiita Nge Butu. Sasa naitika.

Haya yote ni kweli, na sitaki mtu aniamini mimi. Muulizeni Violet Simbeye wa Tunduma, anayo chupa. Muulizeni mwanangu Gasper, aliiangalia. Muulizeni Ikupa, aligawa komoni bure, jambo ambalo halijawahi kutokea. Lakini kwanza kabisa muulizeni Amoni Mgala, mtu aliyenipinga miaka sitini. Mimi nilikuwepo. Yeye ndiye aliyeona.